Ufadhili wa Sentimita 178

Msichana anayemaliza sekondari Marekani au Kanada, mwenye kimo cha futi tano na inchi kumi, yaani kama sentimita 178, anaweza kuomba ufadhili wa masomo ambao rafiki yake wa dawati moja, mwenye alama zilezile na shida zilezile za ada, hawezi kuuomba kwa kuwa ni mfupi. Kwa mvulana kiwango ni futi sita na inchi mbili, kama sentimita 188. Ufadhili huo unatolewa na Tall Clubs International, shirikisho la vilabu vya watu warefu. Mwombaji awe hajafikisha miaka 21 na awe anaingia mwaka wa kwanza wa chuo. Maombi yake hupitia klabu ya warefu iliyo karibu naye, na pamoja na matokeo ya masomo anatakiwa kuandika insha kuhusu maana ya urefu katika maisha yake. Akifaulu, hupata hadi dola 1,000.

Vyuo vingi binafsi vya Marekani hutoza ada inayozidi dola 40,000 kwa mwaka, kwa hiyo fedha hiyo inamsaidia kununua vitabu na kulipia nauli, si zaidi. Kilichonivuta katika maombi haya ni ile insha. Fomu nyingi za ufadhili humtaka kijana aeleze atakachokuwa. Hii inamtaka aeleze amekuwa akiishi vipi ndani ya mwili ambao hakuuchagua, na naamini swali hilo ni la haki zaidi kuliko linavyoonekana kwa anayelisikia mara ya kwanza.

Vilabu hivi vilianzia Los Angeles mwaka 1938. Kae Sumner, mchoraji katika studio za Walt Disney, mwanamke wa futi sita na inchi tatu, aliandika katika gazeti la Los Angeles Times kuhusu adha za mtu mrefu, akawaalika walio kama yeye wakutane. Watu tisa walifika nyumbani kwake. Kundi hilo likajiita California Tip Toppers, na miji mingine ikafuata. Mwanzo wake ulikuwa mdogo: watu waliochoka kutazamwa walitaka jioni moja ya kukaa na wenzao bila kutazamwa.

Wasichana warefu wa kizazi kilichofuata walikutwa na jambo zito kuliko kutazamwa. Kuanzia miaka ya 1950, madaktari wa Marekani, Ulaya na Australia walianza kuwapa wasichana waliotarajiwa kuwa warefu dozi kubwa za homoni ya estrojeni ili mifupa yao iache kukua mapema. Daktari alipiga eksirei ya mkono, akasoma umri wa mifupa, akakadiria kimo cha utu uzima. Kimo hicho kikiwatia hofu wazazi, binti ambaye ndiyo kwanza anaanza kubalehe aliwekwa kwenye vidonge. Hakuwa mgonjwa. Hofu ilikuwa kwamba atakosa mume, kwamba nguo hazitamkaa, kwamba atakuwa mpweke. Miongoni mwa dawa zilizotumika ilikuwamo ile inayojulikana kwa kifupi kama DES, ambayo mwaka 1971 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya wasipewe wajawazito, baada ya saratani adimu kuonekana kwa mabinti waliozaliwa na mama walioitumia. Mwaka 2004 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Australia waliopimwa na madaktari kati ya 1959 na 1993 walipokuwa wasichana warefu. Waliomeza homoni walikuja kupata shida zaidi ya kushika mimba kuliko warefu wenzao ambao hawakutibiwa. Dawa iliyotolewa ili binti aolewe iliwapunguzia baadhi yao uwezo wa kuzaa.

Ukiwa na habari hiyo mkononi, swali la insha linabadilika uzito. Watu wazima waliwahi kumtazama msichana wa sentimita 178 wakaona kosa la kusahihishwa kwa dawa. Sasa watu wazima wengine wanamwandikia: tueleze wewe mwenyewe. Sidhani kwamba dola 1,000 zinafuta lolote, lakini kuulizwa na kusikilizwa ni jambo ambalo wale wa miaka ya 1960 hawakulipata.

Mwanafunzi mrefu wa huku kwetu angeweza kuijaza insha hiyo bila kuuliza ianzie wapi. Madawati ya shule zetu huchongwa kwa kipimo kimoja, na magoti yake hugonga ubao tangu kipindi cha kwanza hadi kengele ya mwisho. Sketi ya sare iliyoshonwa Januari inapanda juu ya magoti kabla ya Septemba, na mwalimu wa nidhamu anaihesabu kuwa utovu wa maadili, ilhali nyumbani hakuna fedha ya kushona nyingine. Huambiwa akae nyuma ili asiwazibe wenzake, hata kama macho yake hayafiki ubaoni. Ataitwa Twiga, ataitwa Ngongoti. Watu wasiomjua watadhani amerudia madarasa. Kelele zikitokea darasani yeye ndiye anayeonekana kwanza, na mara nyingi ndiye anayeadhibiwa kwanza. Jambo lililo gumu kuliko yote ni kudaiwa ukubwa ambao umri haujampa: mvulana wa miaka 14 mwenye mwili wa mtu mzima husamehewa kidogo, hulia kwa kificho, na hutwishwa kazi za wanaume.

Haya yote ni kweli, na bado sishauri mtu yeyote aanzishe ufadhili wa kimo Tanzania au Kenya.

Uchumi wa kimo umechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 2004 Nicola Persico, Andrew Postlewaite na Dan Silverman walionyesha, kwa takwimu za wanaume weupe wa Uingereza na Marekani, kwamba warefu hulipwa zaidi, na kwamba kinachohusiana zaidi na mshahara huo ni kimo cha mtu alipokuwa na miaka 16. Aliyekuwa mrefu akiwa sekondari alijiunga zaidi na timu na vyama vya shule, akajenga huko mambo yaliyomfaa baadaye. Miaka minne baadaye Anne Case na Christina Paxson wa Chuo Kikuu cha Princeton walikuja na maelezo tofauti: watoto wanaorefuka hufanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili hata kabla hawajaanza shule, kwa sababu afya na lishe ya miaka ya mwanzo hujenga mwili na ubongo kwa pamoja. Maelezo haya mawili yanavutana, lakini hakuna linalotuambia kwamba warefu, kwa jumla yao, ni kundi lililosahaulika.

Hoja ya Case na Paxson ndiyo inayonigusa nikiangalia nchi zetu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 uliwakuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, ilikuwa asilimia 18. Burundi, katika utafiti wa 2016/17, ilikuwa asilimia 56. Urithi una sehemu yake kubwa katika kimo cha mtu mmoja mmoja, na kuna jamii nzima za watu warefu zinazokula kwa taabu. Lakini ukipima darasa zima la kidato cha nne kwa futikamba, sehemu ya unachopima ni maziwa, maharage, maji safi na kuhara kulikotibiwa mapema au kutotibiwa. Ufadhili wa kimo katika mazingira hayo ungewapa zawadi ya pili wengi waliokwisha kupata ya kwanza.

Kwa Wamarekani nalitazama tofauti. Fedha ni za wanachama, klabu ni yao, nao wanamkumbuka kijana aliye kama walivyokuwa. Little People of America, chama cha watu wenye ufupi wa kimaumbile kilichoanzishwa na mwigizaji Billy Barty mwaka 1957, nacho hutoa ufadhili kwa wanafunzi wake. Watu waliopitia jambo moja wana haki ya kuwashika mkono wanaolipitia sasa, mradi wasidai kwamba wanatibu umaskini wa nchi.

Ufadhili mkubwa wa warefu, hata hivyo, uko kwingine, na huo umeshafika kwetu. Ni ufadhili wa mpira wa kikapu. Wasaka vipaji wanaotoka Marekani na Ulaya kuja Afrika hukitafuta kimo kabla ya ufundi, kwa imani kwamba kudunda mpira kunafundishika na sentimita hazifundishiki. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15. Alimalizia sekondari Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka huo. Ana mita 2.21, na ndiye Mtanzania wa kwanza kufika katika ligi hiyo. Safari ya miaka saba kutoka mpira wa kwanza hadi NBA haiwezekani bila bidii kubwa. Haiwezekani pia kwa kijana wa mita 1.80, hata awe na bidii gani.

Dikembe Mutombo wa Kinshasa aliingia kwa mlango mwingine. Alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson alipoliona umbo lile la mita 2.18 akamwita kwenye timu. Mutombo akawa mmoja wa wazuiaji wakubwa katika historia ya NBA, lakini kabla ya hapo alihitimu, mwaka 1991, katika isimu na diplomasia. Udaktari hakuufikia. Hospitali ya Kinshasa aliyoipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007, na imeendelea baada ya yeye kufariki mwaka 2024. Nikimfikiria, naona faida ya kuitwa kwanza kama mwanafunzi: masomo hayakuwa masharti ya mpira, yalikuwapo kabla yake.

Mzazi wa kijana mrefu aliyeletewa karatasi kutoka ng'ambo hana budi kujua jinsi ufadhili wa michezo unavyofanya kazi. Tangu 1973 hadi mwanzoni mwa muongo wa 2010, kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ziliruhusu ufadhili wa mwaka mmoja mmoja tu. Kocha asiporidhika, au goti likivunjika, chuo kilikuwa huru kutouhuisha. Baadaye vyuo viliruhusiwa kutoa ufadhili wa miaka kadhaa, na mwaka 2015 zile ligi tano zenye fedha nyingi zilikubaliana kwamba mwanafunzi asinyang'anywe ufadhili kwa sababu za uwanjani. Ni maendeleo, ila hayakuvifunga vyuo vyote, wala hayagusi shule za sekondari za binafsi, ambako vijana wengi wa Kiafrika hupelekwa kwanza. Vyombo vya habari vya Marekani vimeandika zaidi ya mara moja kuhusu wavulana waliofikishwa huko kwa ahadi ya shule na kikapu, kisha wakaachwa bila shule na bila pa kulala. Kwa hiyo kabla ya kusaini, mzazi aulize maandishi yanasema nini kuhusu siku ambayo kijana hatacheza tena: nani atalipa ada, nani atalipa tiketi ya kurudi, viza yake inasimama juu ya nini. Anayemtaka mtoto kwa ajili ya masomo atakuwa na jibu.

Kuna swali jingine, la kitabibu, na vilabu vya warefu vya Marekani vimelibeba kwa miaka mingi kupitia michango yao kwa utafiti na elimu ya sindromu ya Marfan. Huu ni ugonjwa wa kurithi wa tishu zinazoshikanisha mwili. Mwenye nao mara nyingi huwa mrefu na mwembamba, mikono na vidole virefu kupita kawaida, pengine kifua kilichobonyea au kutokeza, pengine macho yasiyoona mbali. Hatari iko ndani: mshipa mkuu wa aota unaweza kutanuka kidogo kidogo hadi uchanike. Umbo linalomfurahisha kocha ndilo hilohilo linalopaswa kumshtua daktari, ingawa warefu walio wengi hawana ugonjwa huu.

Flo Hyman, aliyezaliwa mwaka 1954, alikua hadi futi sita na inchi tano. Miaka miwili baada ya sheria ya 1972 iliyovikataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuwabagua wanawake, alipewa ufadhili na Chuo Kikuu cha Houston, mwanamke wa kwanza kupata ufadhili wa michezo chuoni hapo. Akawa mchezaji wa mpira wa wavu aliyeogopwa duniani kote, akashinda medali ya fedha katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Tarehe 24 Januari 1986, akiwa Japani, alitolewa uwanjani kubadilishwa, akaketi benchi, akaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 31. Mwanzoni ilidhaniwa ni shambulio la moyo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha aota iliyochanika kwa sababu ya Marfan, ugonjwa ambao miaka yote ile ya kusifiwa kwa kimo hakuna aliyeufikiria. Kaka yake alipimwa baada ya msiba, akakutwa nao, akafanyiwa upasuaji kabla mshipa haujapasuka.

Kipimo chenyewe ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, isiyo na maumivu wala kisu, na Dar es Salaam hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kambi za vipaji na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, hukutanisha vijana warefu kutoka kila mkoa, na kila anayekuja kuwatafuta huondoka na orodha ya vimo vyao. Anayeweza kulipia tiketi ya ndege ya kijana wa miaka 16 anaweza kulipia picha hiyo kwanza, na majibu yake awape wazazi kabla ya kumpa kocha.