Fahamu: Utafiti wa Ruiru unavyoikinga kahawa

Dawa za kuua kuvu humgharimu mkulima wa kahawa fedha nyingi. Adui mkubwa ni chulebuni, ugonjwa wa kuvu ulioripotiwa Kenya mwaka 1922, unaoozesha buni zingali changa.

Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru, jirani na Thika, walizalisha aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985. Inastahimili chulebuni na kutu ya majani. Kwa kuwa mti wake ni mfupi, hekta moja huchukua takriban miti 2,500. Aina ndefu za zamani, 1,330 hivi.

Tatizo lilikuwa miche: mbegu za Ruiru 11 huhitaji uchavushaji wa mkono.

Batian, aina nyingine iliyotolewa mwaka 2010, huzalishwa kwa mbegu za kawaida, hivyo miche hupatikana kwa wepesi zaidi.