Makao ya Mbwa Wasio na Bwana

Kusini ya mto Thames, katika mji wa London, pana mahali paitwapo Battersea. Hapo yako makao ya mbwa waliopotea au walioachwa na bwana zao.

Makao hayo hayakuanzia hapo. Mwaka 1860 bibi mmojawapo, jina lake Mary Tealby, aliyafungua katika mtaa wa Holloway, kaskazini ya mji, kwa kuwa aliwahurumia mbwa waliokuwa wakifa njaa njiani. Wengi walimcheka, na gazeti moja kubwa lilitia shaka kama wenye shauri lile walikuwa na akili timamu. Bibi yule alifariki mwaka 1865, lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1871 makao yalihamishiwa Battersea, na tangu mwaka 1883 paka nao hupokewa. Siku zile za kwanza mbwa wengi waliokosa mtu wa kuwachukua waliuawa. Hatuna budi kulisema hilo nalo.

Siku hizi mbwa aokotwapo, kwanza hutafutwa mwenyewe. Tangu mwaka 1916 hadi leo mambo mengi yamebadilika, na mwaka 2016 sheria ya Uingereza iliamuru kila mbwa atiwe chini ya ngozi chombo kidogo, kadiri ya punje ya mchele, chenye nambari ya kumjulisha bwana wake. Zikipita siku 7 bila mwenyewe kutokea, mbwa aweza kupewa mtu mwingine. Mganga wa wanyama humpima na kumchanja, na watumishi humchungua tabia: je, apenda watoto? Aogopa nini? Mbwa aliyezoea kupigwa hukimbia hata aonapo ufagio.

(Ninyi msomao, msimshike mbwa msiyemjua. Uingereza ilikomesha kichaa cha mbwa mwaka 1922, lakini katika nchi zetu ugonjwa huo ungaliko, nao huua. Waambieni wakubwa.)

Kisha huja watu wanaotaka mbwa, nao huulizwa maswali mengi. Ni nani atakayekaa naye mchana? Nyumba ina ua? Wengine huona maswali hayo kuwa maudhi. Mimi naona ni haki, kwani mbwa hawezi kuuliza mwenyewe. Mbwa mdogo mzuri hupata mtu upesi. Mzee mwenye mvi usoni, au kilema, huenda akangoja sana, akiwatazama wapitao.

Hata akipata nyumba, taabu haijaisha. Siku za kwanza huweza kujificha chini ya meza na kukataa chakula. Hufanya hivyo si kwa ukaidi, bali kwa sababu hajui harufu ya mahali pale wala sauti za watu wake. Bwana mwenye busara hamwinamii wala hamkazii macho. Humwekea chakula na maji saa zile zile kila siku, akakaa mbali kidogo, akamwacha aje mwenyewe. Pengine huchukua majuma, pengine miezi. Na kama mtu akishindwa kabisa, hapaswi kumtupa njiani. Humrudisha Battersea, akatafutiwe mwingine.