Nzi mmoja, majina mawili

Msikilizaji, umenunua embe dodo zuri sokoni, limeiva, harufu yake imejaa nyumba nzima. Unalikata, unakuta ndani funza weupe wanarukaruka. La kwanza unalitupa, la pili unamlaumu aliyekuuzia. Lakini muuzaji hana kosa, na mara nyingi hata mkulima hakujua. Nzi jike alikwisha kutaga mayai chini ya ganda wakati embe bado liko mtini, na tundu alilotoboa ni dogo kama la ncha ya sindano.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya nzi huyo wa matunda, na hasa juu ya jina lake. Utaniuliza, jina la nzi linamhusu nini mtu mwenye miembe yake mitano? Linamhusu sana, kama utakavyoona.

Mwanzoni mwa mwaka 2003, wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, chenye makao yake Nairobi, walikuta katika mitego yao nchini Kenya nzi wasiyemzoea. Nzi wa maembe wa asili ya Afrika, aitwaye Ceratitis cosyra, walimfahamu vizuri: ni wa manjano, ana madoa meusi mgongoni, na mabawa yake yana mistari ya rangi. Huyu alikuwa mwingine. Mabawa yake yalikuwa maangavu, yenye utepe mwembamba mweusi kwenye ukingo wa mbele. Mgongo ulikuwa wa kahawia au mweusi, na mistari miwili ya manjano pembeni. Tumbo lilikuwa na rangi ya chungwa na alama nyeusi mfano wa herufi T. Ukimtazama haraka ungedhani ni nyigu mdogo. Mwaka huo huo alionekana Tanzania pia, na baada ya hapo akaenea katika nchi nyingi za Afrika.

Sasa, mtu akiona mdudu asiyemjua, je, anatoka nje na kutangaza kwamba amegundua aina mpya? Hasha. Kwanza hukusanya nzi wengi, kwa sababu mmoja peke yake huenda ni kilema tu. Kila mmoja huchomwa pini au hutiwa katika spiriti, na huwekewa kikaratasi kinachoeleza alikamatwa wapi, siku gani, na katika tunda gani. Nzi asiye na kikaratasi hana faida kwa mtaalamu.

Pili, huwekwa chini ya hadubini na kulinganishwa na ndugu zake waliokwisha kuelezwa. Hapo ndipo kazi ilipo, maana jamii hii ya Bactrocera ina mamia ya aina, na baadhi yao wanafanana kama mapacha. Mtaalamu hupima urefu wa bawa, hutazama rangi ya miguu, hukagua hata sindano ya kutagia mayai.

Tatu, akiridhika kwamba hakuna anayelingana naye, huandika maelezo kamili na kuyachapisha katika jarida la kisayansi. Nzi mmoja huchaguliwa awe shahidi, naye huhifadhiwa katika makumbusho. Shahidi huyo ni kama jiwe la mizani: kila anayetilia shaka anaweza kurudi kwake na kulinganisha.

Ndivyo walivyofanya wataalamu watatu, Drew wa Australia, Tsuruta wa Japani na White wa Uingereza. Walimlinganisha nzi wa Afrika na nzi waliokusanywa Sri Lanka, wakaona ni wamoja, na mwaka 2005 wakampa jina Bactrocera invadens, maana yake mvamizi.

Jina hilo halikukaa vitabuni tu. Mwaka 2008 Marekani ilitoa amri ya kuzuia matunda yanayoshambuliwa na invadens yasiingie kutoka nchi za Afrika alimokuwamo. Mkulima ambaye hajawahi kulisikia neno hilo akawa amefungiwa mlango nalo.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Kulikuwa na nzi mwingine wa Asia, Bactrocera dorsalis, aliyeelezwa na mtaalamu Hendel tangu mwaka 1912, kutoka kisiwa cha Taiwan. Watafiti walianza kuuliza: hawa wawili ni tofauti kweli? Rangi ya mgongo haikutosha kuwa ushahidi, maana hata nzi wa shamba moja la Afrika walitofautiana. Basi wakawaweka pamoja katika vizimba. Wakapandana bila ubaguzi, na watoto wao wakazaa. Vinasaba vikachunguzwa, mabawa yakapimwa, hata harufu ya madume wakati wa kutafuta majike ikalinganishwa. Mwaka 2015 ikatolewa hukumu: ni nzi mmoja. Na kwa kuwa kanuni ya wataalamu ni kwamba jina lililotangulia ndilo linalobaki, dorsalis likabaki na invadens likafutwa. Drew hakukubali, na mwaka 2016 alilirudisha jina hilo katika kitabu chake, lakini wengi walibaki na hukumu ya 2015.

Faida yake nini? Ni kwamba ujuzi wote uliokusanywa Asia na Hawaii juu ya dorsalis kwa miaka mingi unatufaa sisi moja kwa moja: mitego yenye dawa ya methili eujenoli inayowavuta madume, chambo cha chakula kinachowavuta majike, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nzi huyo na kumwangamiza. ICIPE iliwaleta nyigu hao kutoka Hawaii mwaka 2006. Tena, nchi yenye dorsalis kwake haiwezi kudai kwamba nzi wetu ni mgeni wa ajabu.

Hata hivyo jina peke yake haliui nzi. Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, na haikurudi sokoni hadi mwaka 2021.

Kwa hiyo nawe una sehemu yako. Embe lililoanguka usiliache chini ya mti, maana funza hutoka, huingia udongoni, na baada ya siku chache huruka akiwa nzi kamili. Yaokote kila mara, uyafukie kwenye shimo refu, zaidi ya nusu mita. Mwambie na jirani afanye hivyo, maana nzi hajui mpaka wa shamba, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Na siku ukimwona katika mtego nzi usiyemfahamu, usimponde. Mtie katika chupa yenye spiriti, andika tarehe, mahali na mti uliomkuta, kisha mpelekee bwana shamba. Huyo wa mwaka 2003 naye alijulikana kwa sababu kuna aliyeutazama mtego wake vizuri.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.