Utangulizi: Mlango wa Uani

Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele na ua nyuma. Barazani wageni hukaribishwa kwa kahawa na maneno yaliyopimwa. Uani ndiko chungu kilipo, na ndiko inakoamuliwa nani apakuliwe nini. Uandishi ninaokukaribisha kuusoma ni wa watu waliozizunguka kampeni za urais wa Marekani na kuingia kwa mlango wa uani.

Ninaandika nikiwafikiria wasomaji wa Vickery Meadow, Dallas, kwenye fleti zilizojengwa kwa ajili ya vijana wasio na watoto na ambazo leo zimejaa familia kutoka pande nyingi za dunia, zikiwemo za Kongo na Burundi. Wapo watakaopiga hapa kura yao ya kwanza ya urais. Lakini Texas haijampa ushindi mgombea urais wa Democrat tangu Jimmy Carter mwaka 1976, kwa hiyo mikutano ya lala salama hupelekwa zaidi Pennsylvania, Wisconsin na kwingine ambako matokeo hayajulikani. Dallas na Houston mara nyingi wagombea hufuata wachangiaji, kwenye chakula cha jioni ambacho mlango wake umefungwa. Ukikaa hapa kuisubiri baraza, utasubiri sana.

Anayetajwa kwanza katika fani hii ni Theodore H. White. Mwaka 1960 alisafiri na wagombea, akaandika uchovu wao, hesabu za wapambe wao na hofu zao za usiku. Kitabu chake kilitoka 1961, kikapata tuzo ya Pulitzer 1962. Namheshimu sana, ila ukaribu una gharama yake. Wiki moja baada ya John Kennedy kuuawa hapa hapa Dallas, Novemba 1963, mjane wake alimwita White, naye akaandika katika jarida la Life simulizi ya Camelot, ufalme wa hadithi uliofananishwa na utawala wa mumewe, kama mjane alivyotaka ikumbukwe. Aliyekaribishwa uani alikuwa amekuwa mtu wa nyumbani.

Joe McGinniss alipita njia nyingine: mwaka 1968 alikaa na watengenezaji wa vipindi vya televisheni vya Richard Nixon, akaonyesha jinsi mgombea anavyofungashwa kama bidhaa ya dukani.

Ninayemrudia zaidi ni Timothy Crouse. Katika kampeni ya 1972 aliwageuzia macho waandishi wenyewe. Aliwaona wakipanda basi moja, wakila pamoja, wakilala hoteli moja, na mwishowe wakiandika habari moja. Mdahalo ukiisha, wenzake walimzunguka Walter Mears wa shirika la habari la AP kumwuliza habari itaanzia wapi, kwa sababu mhariri akiona sentensi ya kwanza ya mwandishi wake inapingana na ya AP, simu ingepigwa kudai maelezo. Hawakuwa wavivu wala waongo. Waliogopa kuwa peke yao, na woga huo ndio uliochagua taifa zima lisome nini asubuhi.

Wakazi wa Vickery Meadow wamewahi kuliona kundi hilo kwa macho yao. Mwaka 2014, mgeni kutoka Liberia alipogundulika kuwa na Ebola, magari ya televisheni yalijipanga nje ya fleti alimofikia, kila kamera ikielekea lango lile lile. Aliyekuwa ndani akitazama nje anamwelewa Crouse kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Na kuna Mayhill Fowler. Hakuwa mwandishi wa kuajiriwa; aliandikia mradi wa waandishi wananchi wa tovuti ya Huffington Post, ulioitwa kwa kukigeuza kichwa cha kitabu cha Crouse kuhusu walio ndani ya basi: nje ya basi. Aprili 2008 aliingia kwenye hafla ya kumchangia Barack Obama huko San Francisco, isiyoruhusu wanahabari, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mfuasi aliyemchangia. Akamnasa akisema kwamba watu wa miji midogo iliyopoteza ajira wana uchungu na hushikilia bunduki au dini. Aliumia kuichapisha habari hiyo, maana alimpenda mgombea yule, lakini aliichapisha. Waliokuwa kwenye basi waliipata kwake.

Ndiyo maana sura ya kwanza naanza na Fowler, kisha ndipo nirudi kwa White.