Asiye na mshahara akatwe wapi?

Tarehe 3 Machi 1964, wiki saba tu baada ya Mapinduzi, wananchi wa Unguja na Pemba walitangaziwa kwamba matibabu ni bure. Sisi tuliokulia katika neema hiyo hatuwezi kuibeza. Lakini bure ile ilikuwa na sharti lisiloandikwa, nalo ni kwamba dawa iwepo. Siku isipokuwepo mgonjwa hupewa kikaratasi akanunue dukani. Mwenye nazo hununua. Asiye nazo hurudi nyumbani na kikaratasi chake.

Ndiyo maana tuliupokea kwa furaha Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2023 na kuanza mwaka huo huo na watumishi wa umma. Kuanza na hao kulikuwa na hoja yake. Mtumishi ana mshahara unaojulikana, na mchango hukatwa kabla fedha haijagusa mkono wake.

Hivi karibuni tulivuka kwenda kisiwa kidogo kimoja cha Pemba. Pwani tulimkuta mzee akishona nyavu, tukamweleza habari za Mfuko. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akatuuliza: yeye hana bwana wa kumlipa, basi akatwe wapi? Hatukuwa na jawabu la kumpa pale pale, na tukiri kwamba tuliona haya.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar. Wengi wao riziki yao haina karatasi ya mshahara. Mvuvi huenda dago, akarudi na fedha au akarudi na deni. Mwanamke wa mwani wa Paje hufuata bamvua, na malipo yake ni kwa kilo zilizokauka. Mikarafuu nayo haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka huu huinama kwa mazao, mwaka wa pili mkulima huchuma pishi za kuhesabika. Kumdai mtu wa namna hii kiasi kile kile kila mwisho wa mwezi ni kumwandalia kushindwa.

Njia zipo. Karafuu zote hununuliwa na Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, na mkulima hulipwa kituoni. Kwa nini mchango wa mwaka mzima usipokewe hapo, wakati wa mavuno, kwa ridhaa yake? Kwa mwani na samaki kazi ni ngumu zaidi, maana wanunuzi ni wengi na bei hupanda na kushuka. Huko vyama vya ushirika vya wakulima na wavuvi vishauriwe kwanza, si kuarifiwa baadaye.

Jambo moja lisifichwe. Mchango ukiwa wa hiari mtupu, mzima atangoja hadi augue ndipo ajiandikishe, na hakuna mfuko unaoweza kuishi kwa wagonjwa peke yao. Kwa hiyo wasio na uwezo kabisa lazima Serikali iwalipie. Hili si geni kwetu: tangu Aprili 2016 wazee waliotimiza miaka 70 hulipwa pencheni jamii bila ya kuchangia chochote, na majina yao yalipatikana shehia kwa shehia. Masheha wale wale wanamjua mjane asiye na kitu.

Tena kadi haivushi mtu bahari. Mama akishikwa na uchungu usiku, maji yamekupwa na mashua imekaa mchangani, bima yake imekoma pwani. Gharama ya chombo cha kumvusha ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, na chombo chenyewe kiwe tayari pamoja na mafuta yake.

Tulipoondoka mzee yule alikuwa bado ana nyavu zake. Swali lake tunalikabidhi kwa Wizara ya Afya na kwa wakuu wa Mfuko, na tutavuka tena kumpelekea jawabu watakalotupa.