Kope Moja Iliyobaki Huru

Desemba 8, 1995, Jean-Dominique Bauby, mhariri mkuu wa jarida la Elle la Ufaransa, alipigwa na kiharusi. Alikuwa na miaka 43. Alipozinduka hospitalini wiki kadhaa baadaye akili yake ilikuwa timamu, lakini mikono, miguu na ulimi havikumtii tena. Jicho la kulia lilishonwa ili konea isipate vidonda. La kushoto liliweza kupepesa.

Kwa nini jicho?

Jibu limo katika shina la ubongo, kipande chenye unene wa kidole gumba hivi kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo. Juu kuna ubongo wa kati. Chini kuna medula, msimamizi wa pumzi na mapigo ya moyo. Katikati imekaa ponsi, neno la Kilatini lenye maana ya daraja. Katika jozi 12 za neva za kichwa, 10 zimeungana na shina hili: za kutafuna, kumeza, kusikia, hata za kukunja uso.

Amri za kusogeza viungo hushuka zikipitia sehemu ya mbele ya ponsi, na hapo zote hubanana kwenye njia nyembamba. Ateri ya basila, inayopanda mbele ya ponsi na kuilisha damu, ikiziba, amri za mikono, miguu, midomo na ulimi hukatika mahali pamoja. Lakini neva inayoinua kope na kupandisha jicho huanzia juu zaidi, katika ubongo wa kati, ambako madhara mara nyingi hayafiki. Mtandao wa seli unaotuweka macho nao uko nyuma ya njia hiyo. Hivyo mtu hubaki na fahamu zake zote, amefungiwa ndani ya mwili wake.

Bauby alisomewa herufi kwa mpangilio wa zinazotumika zaidi katika Kifaransa, E, S, A na kuendelea. Ikifika anayoitaka, anapepesa. Kwa njia hiyo alitunga kitabu kizima, kilichotoka Machi 1997, siku chache kabla hajafariki.

Mgonjwa wa namna hii akiambiwa abane mkono wa daktari, hawezi. Aambiwe atazame juu, kisha chini. Jicho likifuata maneno hayo, basi anasikia, na ndugu waliozunguka kitanda yafaa walijue hilo kabla hawajaanza kumzungumzia kana kwamba hayupo.