Manowari Iliyovikwa Mikoko

Vita Kuu ya Kwanza viliingia Suna, huku kwetu Nyanza Kusini, kwa nchi kavu na kwa maji. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka kusini, wakaingia Kisii, na tarehe 12 wakapambana na Waingereza huko. Mwezi huohuo, ziwani katika ghuba ya Karungu, meli ya Waingereza iliyoitwa Winifred ilikutana na Muansa, meli ndogo ya Wajerumani yenye mzinga, ikabidi irudi nyuma hadi ilipokuja tena ikiandamana na nyingine, Kavirondo.

Siku hizo, mtu wa ziwani aliyetaka kumkwepa adui alihitaji mwamba, matete au giza tu. Hakuna aliyemtazama kutoka juu. Lakini kabla mwaka haujaisha, huku kwetu Afrika Mashariki tayari kulikuwa na watu wanaohangaika na swali ambalo Ulaya na Marekani zingelihangaikia katika vita vilivyofuata: utakifichaje chombo kikubwa cha chuma, au karakana, au gati, adui anapokuja kwa ndege?

Waliohangaika nalo walikuwa mabaharia wa Königsberg. Manowari hiyo ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Mitambo yake ilikuwa imeharibika, ikakimbilia delta ya Rufiji na kupanda mto hadi maeneo ya Salale. Huko mabaharia walishusha ncha za milingoti na kuifunika meli kwa matawi. Msitu wa mikoko ukafanya yaliyobaki. Kwa aliyekuwa baharini, delta nzima ilikuwa ukuta mmoja wa kijani.

Kwa aliye angani mambo ni tofauti, na hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Majani yaliyokatwa hunyauka na kubadilika rangi, kwa hiyo lazima yabadilishwe kila mara. Kitu kirefu kilichonyooka hutupa kivuli kilichonyooka, na msituni hakuna kivuli cha namna hiyo. Moto wa boila hutoa moshi. Njia ya miguu inayokanyagwa kila siku hugeuka mstari mweupe unaoelekea palepale unapotaka pasijulikane. Mwenye kuficha hushindana na jua, na jua huhama mchana kutwa.

Waingereza walimkodi Durban rubani wa kiraia, H. D. Cutler, pamoja na ndege yake ya Curtiss ya kutua majini. Novemba 1914 aliruka kutoka kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, akaiona Königsberg ndani ya mikoko. Mwezi uliofuata yeye mwenyewe alitekwa. Ndege za Sopwith zilizoletwa baadaye zilishindwa na joto la pwani, gundi ikiyeyuka na mbao zikipinda. Kisha zikaja ndege za Short, na Aprili 1915 rubani John Cull akarudi na picha. Nadhani hapo ndipo matawi yalipopoteza kazi yake. Jicho la rubani hupita upesi na kwa hofu, ilhali picha huwekwa mezani ikakaguliwa kwa utulivu.

Lakini kisa cha Rufiji kina upande mwingine, na ndio unaonigusa zaidi. Meli isingeweza kutoka bila kutengenezwa, na mtoni hapakuwa na karakana. Sehemu za boila zikafunguliwa, zikalazwa juu ya mbao, na mamia ya Waafrika wakaziburuta kwa kamba, kwenye matope na porini, hadi karakana za Dar es Salaam. Zilipokwisha kutengenezwa, zikaburutwa tena hadi mtoni. Vitabu vya vita hivi vina jina la nahodha, Max Looff, na majina ya marubani waliomtafuta. Waliovuta kamba hutajwa kwa jumla, kama umati. Ni watu walioujua mto ule kuliko yeyote aliyeuchora ramani, na naona ni dhuluma kubwa kwamba hawamo kwa majina.

Sisi wa Nyanza Kusini tunaijua dhuluma hiyo. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, alikabidhiwa kazi ya kukusanya wapagazi wa jeshi la Waingereza, na vijana wa pande zetu wakapelekwa kwa wingi katika nchi hiyohiyo ya Rufiji na kusini yake. Wapagazi wa vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Mwisho wa Königsberg ulikuja Julai 1915. Meli mbili zisizohitaji maji ya kina, Severn na Mersey, zilivutwa kutoka Malta hadi Rufiji. Zilishambulia tarehe 6 bila kuimaliza kazi, zikarudi tarehe 11. Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu, wakiwaelekeza wapiga mizinga kwa simu ya upepo. Ndege yao ilipigwa, na hata ikianguka waliendelea kutuma maelekezo. Waliokolewa mtoni. Looff akaamuru meli yake izamishwe.

Mizinga yake 10 haikuishia hapo. Iling'olewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezewa magurudumu, na ikapigana tena nchi kavu. Mmoja uko Mombasa, katika ngome ya Fort Jesus.

Miaka 27 baadaye Wamarekani walikuwa na fedha na mbao za kutosha kufanya kazi hii ya kuficha kwa ukubwa wa ajabu. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, paa la kiwanda cha Boeing mjini Seattle, kilichounda ndege za B-17, lilijengewa kitongoji kizima cha bandia chenye barabara, miti na nyumba fupi za mbao na turubai. Aliyekisanifu, John Detlie, alitoka katika kazi ya mapambo ya filamu Hollywood. Ndege za Wajapani hazikufika.

Lakini Kigoma, katika ile vita ya kwanza, ndege za adui zilifika. Juni 1916 ndege za Wabelgiji, zilizoruka kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zilianza kuishambulia bandari hiyo, ikiwemo meli Graf von Götzen, iliyokuwa imeletwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuunganishwa hapohapo. Mzinga wa Königsberg uliofungwa juu yake ulikwisha kuhamishiwa nchi kavu, na mahali pake Wajerumani walikuwa wameweka mzinga wa mti ili adui aendelee kuiogopa.

Walipolazimika kuondoka, mafundi waliipaka mitambo ya meli grisi nzito, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha makusudi karibu na mlango wa mto Malagarasi. Waingereza waliiibua mwaka 1924. Mitambo ilikutwa ikiwa katika hali nzuri, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na mizigo ya ziwa hilo hadi karne hii.